Mkimbiaji kafungiwa, je, aliyeshika sindano yuko wapi?

Wadau, leo naomba tuache siasa pembeni kidogo tuongelee mbio. Najua hapa Bongo riadha tunaikumbuka Olimpiki ikifika tu, halafu tunarudi kwenye Simba na Yanga kama kawaida. Lakini hii ishu ya majirani zetu Wakenya na dawa imeshakuwa kubwa mno, na kila ninapopita naikuta inajadiliwa kwa namna mbili tu. Kuna wanaosema "wote wanakula dawa wale, hakuna msafi". Na kuna wanaosema "wazungu wana wivu tu na mtu mweusi". Mimi zote mbili nazikataa, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na Ruth Chepngetich maana ndiye aliyewasha moto. Tarehe 13 Oktoba 2024, pale Chicago, dada huyu alikimbia marathoni kwa saa 2:09:56. Mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya saa mbili na dakika kumi! Rekodi aliyoivunja ilikuwa 2:11:53 ya Tigist Assefa wa Ethiopia, aliyoiweka Berlin 2023. Yaani karibu dakika mbili zimekatwa kwa mkupuo mmoja. Kwenye mkutano na waandishi, mmoja wao akamuuliza usoni: kuna watu hawatauamini muda huu, unawaambia nini? Kenya ikawaka. Mwandishi yule alioga matusi, na chama cha riadha cha Kenya kikatoa tamko la kumtetea dada.

Sasa ikaja Machi 14, 2025. Wakachukua mkojo wake, wakakuta dawa inaitwa haidroklorothiazaidi. Hii ni dawa ya presha, inamfanya mtu akojoe sana. Yenyewe haikupi mbio, ila inazimua mkojo, kwa hiyo inaweza kuficha vitu vingine, ndiyo maana imepigwa marufuku. Kiwango kinachovumiliwa ni nanogramu 20 kwa mililita. Yeye alikutwa na 3,800. Piga hesabu mwenyewe, ni mara 190. Mwanzoni akasema hajui ilitoka wapi, baadaye akasema aliumwa akameza dawa za dada wa kazi wa nyumbani kwake. Oktoba 2025 akafungiwa. Ilikuwa miaka minne, ikapunguzwa hadi mitatu kwa sababu alikiri mapema. Na rekodi ya Chicago ikabaki palepale kwenye vitabu, kwa kuwa iliwekwa kabla ya siku ya ule mkojo.

Hapo ndipo nataka msimame kidogo. Katika kesi nzima anayetajwa ni mkimbiaji na dada wa kazi. Basi!

Sasa kwa wale wa "wivu wa wazungu". Ndugu zangu, hebu tuchukue mbio moja tu, marathoni ya wanawake Rio 2016. Dhahabu alichukua Jemima Sumgong, Mkenya wa kwanza mwanamke kuchukua dhahabu ya marathoni ya Olimpiki. Fedha akachukua Eunice Kirwa, mzaliwa wa Kenya anayekimbilia Bahrain. Mapema 2017 Sumgong akanaswa na EPO. Baadaye Kirwa naye akanaswa na EPO hiyohiyo. Wa kwanza na wa pili, wote! Na Olimpiki ileile, Ruth Jebet, naye mzaliwa wa Kenya aliyehamia Bahrain, alibeba dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, halafu naye EPO. Ongeza Rita Jeptoo aliyeshinda Boston mara tatu na Chicago mara mbili. Ongeza Asbel Kiprop, bingwa wa dunia mara tatu wa mita 1,500. Ongeza Rhonex Kipruto, aliyefutiwa mpaka rekodi yake ya dunia ya kilomita 10 za barabarani. Hii haiwezi kuwa wivu, jamani. Wengi wao walidakwa na vipimo vilevile vinavyotumika kwa Mrusi na kwa Mmarekani.

Kisa cha Kiprop kinauma zaidi. Beijing 2008 yeye alimaliza wa pili nyuma ya Rashid Ramzi, mzaliwa wa Morocco aliyekuwa akikimbilia Bahrain. Ramzi akaja kugundulika ametumia aina mpya ya EPO, akanyang'anywa, dhahabu ikahamia kwa Kiprop. Yaani kijana alidhulumiwa na mtu wa EPO, miaka tisa baadaye naye akanaswa na EPO. Mpaka leo anasema hakutumia. Na kweli katika kesi yake ilikubalika kwamba mpimaji alimtonya mapema kuwa wanakuja, jambo ambalo ni kinyume kabisa na taratibu. Hata hivyo alikula miaka minne.

Kwa asiyejua, EPO ni homoni ambayo figo zetu zinaitengeneza zenyewe. Inauambia uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni. Wagonjwa wa figo wanadungwa EPO ya kutengenezwa ili wasiishiwe damu. Mkimbiaji mzima akijidunga, damu inakuwa nzito, oksijeni inakuwa nyingi, anachelewa kuchoka. Ikizidi, damu inaganda na moyo unasimama. Na haikai mwilini muda mrefu, ndiyo maana wapimaji wanagonga mlango saa kumi na moja alfajiri bila hodi ya jana yake.

Haya, tugeukie kundi la pili, la "wote wanakula". Hawa wanafanya kosa la kudhani orodha ya waliofungiwa ndiyo orodha ya wanaotumia. Sivyo. Ile ni orodha ya WALIODAKWA. Kenya ilitishiwa kufungiwa nchi nzima mwaka 2022, ikaponea chupuchupu, serikali ikaahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano za kupambana na dawa. Ukiongeza nyavu utavua samaki wengi zaidi, hiyo haina maana samaki wamezaliwa jana. Na kwenye nchi isiyopima watu wake, huyo samaki utamwona wapi?

Halafu tukumbuke vizuri historia, maana wengine wanaongea kana kwamba dawa zilianzia Iten. Ben Johnson wa Canada alikimbia 9.79 Seoul 1988, siku tatu baadaye kanyang'anywa medali kwa steroidi, ikapewa Carl Lewis wa Marekani. Mwaka 2003 zikatoka nyaraka zinazoonyesha Lewis naye alikuwa amekutwa na vichangamshi kwenye majaribio ya timu ya Marekani mwaka uleule wa 1988, wakubwa wake wakamsamehe kimyakimya, eti hakukusudia. Wachina nao? Mwaka 1993 walitokea wasichana wa kocha Ma Junren. Wang Junxia akakimbia mita 10,000 kwa 29:31.78, akapunguza rekodi kwa sekunde 42. Siku chache baadaye mita 3,000 kwa 8:06.11, muda uliodumu zaidi ya miaka 30. Kocha akasema ni supu ya kasa na mazoezi ya milimani. Mwaka 2016 vyombo vya habari vya China vikatoa barua iliyosemekana kuandikwa na Wang na wenzake miaka mingi nyuma, wakisema walilazimishwa kumeza dawa.

Mnaona hapo? Ile ya Wachina haikutoka kwenye mkojo. Ilitoka kwenye barua.

Hiki ndicho kitu nilichotaka tukiangalie kwa makini. Marion Jones alibeba medali tano Sydney 2000, na alikuwa akijigamba kwamba amepimwa zaidi ya mara 160 bila kukutwa na kosa. Kilichomwangusha ni nini? Mwaka 2003 kocha wake wa zamani, kwa sababu za ushindani na wenzake, alituma kwa wakubwa wa kupambana na dawa bomba la sindano lenye masalia ya kitu kisichojulikana. Maabara ya Los Angeles ikakichambua, ikakuta ni steroidi iliyotengenezwa makusudi isionekane kwenye kipimo. Polisi wakavamia kampuni ya BALCO kule California, wakakuta kalenda na majina. Mwaka 2007 Marion akakiri huku analia mbele ya kamera, 2008 akaenda jela miezi sita kwa kuwadanganya wapelelezi wa serikali. Vipimo 160 havikuona kitu, bomba moja la sindano likamaliza kazi.

Warusi hivyohivyo. Desemba 2014 televisheni moja ya Ujerumani ilirusha kipindi ambacho mke na mume, Yuliya Stepanova mkimbiaji wa mita 800 na Vitaly Stepanov aliyekuwa akifanya kazi kwenye shirika lao la kupambana na dawa, waliamua kutoboa. Mwanamke alikuwa amewarekodi wenzake na makocha kwa siri. Novemba 2015 Urusi ikafungiwa kwenye riadha. Mwaka uliofuata mkuu wa maabara ya Moscow, Grigory Rodchenkov, akiwa ameshakimbilia Marekani, akaeleza jinsi walivyobadilisha chupa za mkojo usiku kupitia tundu la ukutani kwenye Olimpiki ya Sochi 2014. TUNDU LA UKUTANI, wadau! Na mwanamarathoni wao mmoja, Liliya Shobukhova, alilipa zaidi ya yuro 400,000 ili kesi yake ifichwe akimbie London 2012. Rais wa riadha duniani wakati huo, Lamine Diack, alihukumiwa Paris mwaka 2020 kwa rushwa inayohusu kesi hizohizo za Warusi. Mzee alikuwa ndiye mlinzi wa nyumba.

Na Wamarekani tena: 2019, mashindano ya dunia yakiendelea Doha, kocha Alberto Salazar wa kambi ya Nike kule Oregon alifungiwa miaka minne. Hakuna mkimbiaji wake hata mmoja aliyefungiwa katika kesi ile. Walimshika kocha kwa barua pepe na kwa mashahidi, wakiwemo watu waliowahi kuwa ndani ya kambi yake.

Kabla sijarudi Kenya niwachekeshe kidogo, maana visingizio vya wakubwa hawa ni burudani tosha. Dieter Baumann, Mjerumani bingwa wa Olimpiki 1992, alikutwa na nandroloni mwaka 1999 akasema kuna mtu ameitia kwenye dawa yake ya meno. Dennis Mitchell wa Marekani mwaka 1998 alisema homoni zilipanda kwa sababu usiku ule alikunywa bia tano na kumhudumia mkewe mara nne, ilikuwa siku yake ya kuzaliwa mama. Erriyon Knighton, naye Mmarekani, alisema ni nyama ya mkia wa ng'ombe. Mwanzoni wakamwachia, lakini Septemba 2025 mahakama ya usuluhishi wa michezo, CAS, ikamfunga miaka minne. Na Wilson Kipsang wetu wa hapa jirani alikosa kupimwa akasema barabara ilizibwa, akaleta na picha ya ushahidi. Wakaichunguza picha, wakakuta ni ajali ya lori iliyotokea miezi kadhaa BAADA ya siku anayoisema. Miaka minne.

Haya, Kenya. Mwaka 2018 shirika la dunia la kupambana na dawa, WADA, lilitoa ripoti yake. Zaidi ya wanariadha 130 wa Kenya walikuwa wamekutwa na dawa tangu 2004, nandroloni ikiongoza. Lakini ripoti ikasema hakuna mfumo wa kiserikali kama wa Urusi. Ni kiholela. Mtu anajitafutia mwenyewe, huku wahudumu wa afya wa mitaani wakiwa na sehemu kubwa. Nami naona inaeleweka. Fikiria kijana wa Bonde la Ufa, kwao shamba eka mbili, wamezaliwa wanane. Anajua mshindi wa Chicago anaondoka na dola 100,000. Anajua hata mbio ndogo ya barabarani Ulaya, ukishika nafasi ya tatu, unarudi na hela ya kujenga nyumba. Kwenye kambi wako mamia kama yeye, na wakala anachukua wachache tu. Akija mtu wa duka la dawa akamwambia "kuna sindano ya kukurudishia nguvu haraka", hapo bwana unategemea nini? Wengine hata jina la walichodungwa hawalijui. Magazeti ya kule wameshaipa jina kabisa hiyo biashara, wanaiita pufya.

Simtetei aliyetumia. Aliyetumia kaiba. Ninachosema ni kwamba sindano haitembei yenyewe.

Angalieni hukumu ya Jeptoo. Mwanzo alipewa miaka miwili, 2016 CAS ikaongeza ikawa minne. Majaji walieleza habari ya jumbe za simu na daktari aliyekuwa akimwendea muda mrefu huku akimficha kocha na meneja wake. Daktari yumo kwenye hukumu! Lakini miaka minne ni ya Jeptoo. Sumgong alifikisha nyaraka za matibabu za hospitali kubwa, hospitali ikasema hazitambui, akaongezewa adhabu mpaka ikafika miaka minane. Karatasi feki ya hospitali haiandikwi na mkimbiaji peke yake, kuna mtu anayejua lugha ya madaktari na umbo la mhuri. Huyo hatumjui. Mwaka 2016 wakala mmoja wa Kiitaliano alifikishwa mahakamani Nairobi kwa mambo ya dawa, mashtaka yakaondolewa. Mwaka 2025 ndipo polisi walimkamata raia mmoja wa kigeni kule Iten akidaiwa kuwa na shehena ya dawa hizi, na ilikuwa habari kubwa kwa sababu ni nadra mno kusikia anashikwa mtu asiyevaa raba.

Kwa nini wakimbiaji hawasemi? Sheria za WADA zinaruhusu mtu apunguziwe sehemu kubwa ya adhabu akisaidia kuwakamata wengine, kwa hiyo mlango upo. Lakini mlango wenyewe una bei. Stepanova aliyetoboa ya Urusi aliishia kuishi mafichoni Marekani, na kamati ya Olimpiki ya dunia ikamkatalia kukimbia Rio 2016. Huyo alikuwa na mume msomi na televisheni ya Ujerumani nyuma yake. Sasa binti wa kijijini, aliyedungwa na mtu anayekaa mtaa uleule, ambaye huenda ndiye anayetibu watoto wa shangazi yake, unataka amtaje kwa nani? Akimtaja analala wapi? Anaona bora anyamaze, ale miaka yake minne, arudi shambani.

Wa kulipia ukimya huo ni wengine. Buzunesh Deba, Muethiopia aliyekuwa akiishi New York, alimaliza wa pili nyuma ya Jeptoo kwenye Boston 2014. Jeptoo alipofutwa, Deba akawa mshindi na mwenye rekodi ya njia, 2:19:59. Kwenye karatasi. Pesa haikuja. Mwaka 2015 ikapita, 2016 ikapita... Ilifika 2024, gazeti likaandika habari zake, mfanyabiashara mmoja wa Marekani asiyemfahamu hata kidogo akaona aibu, akamtumia dola 75,000 kutoka mfukoni mwake. Miaka kumi, wadau. Mwanariadha ana miaka kumi mingapi?

Na hili linatugusa hata sisi. Septemba 2025 Alphonce Simbu alituletea dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha, marathoni ya Tokyo, alimpita Mjerumani Amanal Petros kwa tofauti ya sekunde 0.03 baada ya kilomita 42. Mimi nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Lakini ukweli ni kwamba siku hizi mshindi yeyote wa marathoni kutoka upande huu wa Afrika anaanza kuulizwa kabla jasho halijakauka, na wala hakuna kipimo cha kumsafisha, maana Marion naye alikuwa na vipimo 160. Kitakachomsafisha msafi ni kujua mtandao wa wachafu unaanzia wapi na kuishia wapi.

Ndiyo maana mimi kila akifungiwa mwingine sisomi tena kile alichokutwa nacho. Natafuta jina la pili. Daktari, mwenye duka, kocha, wakala, yeyote. Adhabu ya Chepngetich inaisha Aprili 2028, bado kuna muda. Mpaka leo ninavyoandika, jina la pili sijaliona.

Nawasilisha. Walioko Eldoret na Iten nawasubiri kwenye maoni, ninyi ndio mnajua zaidi. Matusi sipitishi.